Kambare Mkubwa wa Mkwe

Mazungumzo haya alinisimulia mjomba wangu, fundi viatu, mwaka wa mwisho wa uhai wake, naye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Benchi lilikuwa lake, nje ya kibanda chake, na birika la kahawa pia. Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa amepita mtaani akionya kwamba samaki wa mto wana zebaki, ile ya wachimbaji dhahabu wa huko juu, na wajawazito wasiwale wale wakubwa. Sululu, aliyechimba dhahabu mpaka magoti yakakataa, alikuwa ameketi na kambare ndani ya mfuko, mrefu kama mkono. Kila wiki alimnunulia mkwewe, mjamzito, kambare aliye mkubwa kuliko wote sokoni.

— Zebaki naijua mimi, alisema Sululu. Nimeishika kwa kiganja. Ni nzito. Supu ukiiacha itulie, yenyewe inazama. Mkwe nimemwambia achote ya juu tu.

— Basi salama, akasema Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja, kwa kesi ya mbuzi wa jirani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huyu hajaoza, kwa hiyo wote wazima.

— Methali hiyo haiendi hivyo, mjomba akasema huku akigonga soli.

— Inakwenda popote, bora ifike.

— Nyie, zebaki haikai kwenye supu, akaingia Kinyozi. Inakaa kwenye ukoo. Mimi nanyoa vichwa, naona. Babu kipara, baba kipara, mjukuu naye kipara kinachungulia. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

— Nyoka nani hapa? Sululu akauliza.

— Nasema vinasaba, mzee. Muuguzi kasema.

— Hakusema, mjomba akamkata. Kasema inamfikia mtoto tumboni, inaweza kumuumiza ubongo. Kama inarithiwa mpaka kwa wajukuu, kasema bado wanachunguza.

— Wakichunguza, ujue wanaficha, akasema Wakili.

Sululu akapangusa uso.

— Mimi moshi wake nimeuvuta ujana wote. Kama inarithiwa, mwanangu nilishampa kabla hajaoa. Sasa samaki ana kosa gani?

— Hapo ndipo penyewe! Kinyozi akadakia. Ya baba na ya samaki zikikutana, zinauana. Dawa ya moto ni moto.

— Na zebaki si ndiyo hukamata dhahabu mchangani? Wakili akaongeza. Huyo mtoto atazaliwa na meno ya dhahabu.

Mkwe alikuwa anakuja, mkono kiunoni, kufuata samaki wake.

— Shikamooni. Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

Sululu aliushika mfuko, asiutoe.

— Muuguzi kafika na kwetu, baba. Huyu wa leo unisamehe, sitamla. Lakini wale niliokwisha kula, je?

Kinyozi alitazama kikombe.

— Nilikuwa nakuchagulia mkubwa, Sululu akasema.

— Najua, baba.

Mjomba akainamisha birika ampe Sululu kahawa. Yalitoka mashapo matupu.

Binti aliyezaliwa alichelewa kusema, na hata sasa huyatafuta maneno. Ana mimba. Juzi alikuja kuniuliza muuguzi alisemaje hasa kuhusu wajukuu. Nikamwambia kama mjomba alivyoniambia: bado wanachunguza.

Mjomba hayupo, wala Wakili, wala Sululu, ambaye hakumnunulia mtu samaki tena. Kinyozi yu hai, ila hanyoi. Mkwe yu hai. Bintiye yu hai, anahesabu miezi.