Domitila Masele na Robota la 1,000,003

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Mama Domitila Masele alikabidhi muhuri wake baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga namba kwenye marobota ya pamba, hapa kiwandani kwetu Bariadi. Hesabu yake haikuanza upya msimu hata mmoja. Mameneja wanne walimwomba aanzie moja kila mwaka kama viwanda vingine. Wote walihama, hesabu ikabaki.

Alikuja kutoka Ngulyati na cheti cha darasa la saba na daftari la hesabu. Kila namba aliichunguza kabla ya kuipiga. Namba kamilifu ilipotokea, yaani ile ambayo vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinairudisha, alituletea maziwa ya mgando. Siku ya robota la 8,128 tulikunywa hadi mashine ikasimama. Hatujaonja tena, kwa sababu inayofuata inazidi milioni thelathini na tatu.

Namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, zilipanda juu kabisa ya lori ili zisikandamizwe. Dereva Josia aliwahi kubisha, akaliweka la 524,287 chini. Lori lilinasa siku mbili kwenye tope la Nkololo. Siku hizi anauliza mwenyewe kabla ya kupakia.

Uongozi ulipanga astaafu kwa robota la milioni. Mbuzi alishachinjwa na mgeni rasmi alishaketi. Domitila akakataa. Alisema milioni ina vigawo arobaini na tisa. "Kila mtu ana kipande chake humo," alimwambia meneja. "Mimi miaka yangu naitaka mizima."

Tasa iliyofuata ilikuwa 1,000,003. Yalihitajika marobota matatu zaidi, pamba ya msimu ilibaki ya mawili, na barua ya kustaafu ilisema saa kumi. La 1,000,001 lilitutia tamaa, lakini yeye akatuonyesha kuwa ni 101 mara 9,901. Lililofuata ni shufwa, hata mgeni rasmi aliliona.

Basi tukafagia sakafu. Tukachana mito ya viti vya ofisini. Milembe wa mizani alikimbia nyumbani akarudi na magodoro mawili na mume anayelalamika. Mlinzi Mayige alitoa godoro lake la pekee. Saa tisa na nusu mashine ikafunga robota moja la rangi ya chai.

Domitila hakulipiga muhuri hivihivi. Alirudia kuigawa namba mbele yetu kwa tasa zote mia moja sitini na nane zilizo chini ya elfu moja, na hakuna aliyethubutu kukaa. Alifika 997 zikiwa zimebaki dakika mbili. Nayo haikuigawa, baki ikawa kumi na mbili. Akapiga muhuri. Nakiri nililia, mimi niliyefukuzwa shule na hesabu.

Makofi yalipotulia, Mayige akamsogelea kwa adabu. "Mayu, mama yangu, godoro langu sasa?"

"Hili haligawanyiki, mwanangu."

Hakuna mnunuzi aliyelitaka. Lipo getini, na Mayige analala juu yake, akiwa mlinzi pekee mkoani Simiyu mwenye kitanda cha tasa.

Mama Domitila, asante sana. Tunakuombea afya njema na uzee mzima, usiokatwa vipande na mtu yeyote.