Barua za Elinami Zilizopungukiwa Stempu

Ndugu waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi Anande, mtoto wa pili wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma haya, nami nitayasoma kama yalivyo, aliyekaa vibaya akae vizuri.

Mama yetu, Ndeshi Sumari, alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 hapa Nkoaranga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1949, akalima kahawa na migomba, na tarehe 12 Oktoba 1957 akafunga ndoa na marehemu baba yetu Philemoni, wakajaliwa watoto wawili, Elinami na mimi.

Mwaka 1984 Elinami alikwenda kusoma Norwei, barua zake zikawa zinapitia sanduku la posta la baba mdogo Abdiel, mfanyabiashara wa Ngaramtoni, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Miaka mitatu mama hakuona bahasha, baba mdogo akasema Ulaya humsahaulisha mtu kwao. Hatumtuhumu mtu, ila miaka hiyo serikali iliporuhusu biashara ya nje, duka lake lilijaa bidhaa za nje, na mtaji ulikotoka hakuna aliyeambiwa.

Mwaka 1987 Elinami alikosea, akabandika stempu pungufu kwenye barua ya ndege, ikagongwa herufi T, maana yake mpokeaji alipie dirishani kilichopungua ndipo apewe. Baba mdogo, ambaye hajawahi kulipia cha mwenzake, alimletea mama kikaratasi cha posta, mama akauza mkungu wa ndizi, akashuka Arusha, akaipokea kwa mkono wake, na ndani mtoto analia kwamba hajibiwi, anauliza kama fedha alizotia katika barua za nyuma zilifika. Mama hakugombana na mtu. Alijibu mstari mmoja, nami ndiye niliyeuandika: "Mwanangu, usibandike tena stempu za kutosha."

Tangu hapo kila barua ilikuja na T yake, baba mdogo akicheka kanisani kwamba mtoto wa Ulaya anamtoza mama yake salamu, mama akicheka naye. Nilipolalamikia gharama, aliniambia cha bure kina mikono mingi.

Mwaka 1994 aliugua moyo, akatibiwa hospitali, na tarehe 9 Juni 1995 akafariki, barua ya Elinami ikiwa chini ya mto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na akina mama wa usharika. Tunakushukuru nawe, baba mdogo, kwa sanduku lako. Elinami alifika jana, amekaa nyuma yako, anaomba ufunguo kabla hatujaenda kaburini.

Mama, zilizokufikia ulizilipia mwenyewe. Pumzika sasa, hudaiwi.