Vumbi Tuliloliosha kwa Heshima ya Papa Gustave

Miaka thelathini na saba, miezi miwili na siku kumi na moja: ndiyo muda ambao Papa Gustave Kasereka amelala chali chini ya magari ya wagonjwa ya karakana yetu hapa Bunia. Aliingia kazini tarehe 16 Aprili 1988. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Kamati imenipa mimi, Solange wa depo ya vipuri, kazi ya kuandika ukurasa huu, tena ikasisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Nikishindwa, mtaona sababu.

Alitoka Butembo na mfuko mmoja wa spana na viatu vya marehemu mjomba wake, vilivyombana mpaka alipopata mshahara wa kwanza. Vita vilipoingia mjini, watu walikimbia na magodoro na masufuria. Papa Gustave alikimbia na delco, kile kifaa kinachogawa moto kwa buji, yaani plagi za injini. Akaizika nyuma ya nyumba yake kule Bigo, akapanda sombe, mihogo ya majani ya mboga, juu yake. Waliokuja kuiba ambulansi waliisukuma mpaka njia panda, wakachoka, wakaiacha. Hali ilipotulia alifukua delco yake, akaifuta, gari likawaka. Sombe nayo tuliila.

Alikuwa na marufuku moja tu: injini haioshwi. Gari lioshwe nje, viti vioshwe, machela isuguliwe mpaka ing'ae, lakini anayeelekeza maji kwenye injini atafute kazi kwingine. Vumbi letu jekundu, ambalo sisi wengine tunalilaani kila tukianika nguo, kwake lilikuwa shahidi. Panapovuja, vumbi hunata. Mafuta hulifanya tope jeusi. Maji ya radieta hukauka na kuacha ukoko mweupe. Injini ikianza kukosa mpigo, wengine hukimbilia kubadilisha buji zote. Yeye alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akafuata njia ya tope kwa kidole mpaka mwanzo wake, kisha akaandika kwa chaki upande wa ndani wa kapo: tarehe, na mshale.

Gari la daktari mmoja lilikuwa limebadilishiwa buji mara tatu kwenye karakana nyingine, na bado likatetemeka kama mtu mwenye malaria. Papa Gustave alikuta tundu la buji ya tatu limejaa mafuta yaliyopita kwenye jointi, yaani gasketi, iliyochoka. Akayakausha kwa kipande cha kitenge, akaweka jointi mpya, basi. Kitenge kilikuwa cha mke wake, Mama Scholastique, na kilikuwa hakijavaliwa hata mara moja. Mama anasema kesi hiyo haijafungwa hadi leo.

Hapa ndipo uchangamfu wangu unapoishia.

Mwishoni mwa Mei, Papa Gustave alikwenda Butembo msibani. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa kamati ya sherehe yake. Nilitaka picha nzuri: ambulansi zote zimepangwa, kapo wazi, injini zinang'aa, naye amesimama katikati. Nikakodi pampu ya maji. Dorcas, fundi atakayeshika nafasi yake, alisita. Nikamwambia ni zawadi ya mzee, na sherehe ni mara moja. Tukaosha kila kitu. Nilimwona Dorcas akipitisha maji upande wa ndani wa kapo ya ambulansi namba nne, chaki ikatiririka nyeupe, wala sikusoma ilichokuwa imeandika.

Namba nne ikaanza kukosa mpigo siku hiyohiyo. Tulicheka. Tulisema maji ya pampu yameingia kwenye matundu ya buji, na ni kweli yalikuwamo. Dorcas aliyakausha, injini ikatulia. Tukaamini ugonjwa umekwisha, kumbe tulikuwa tumetibu ule tulioleta wenyewe.

Jumanne tarehe 10 Juni, dereva wetu Michée alitumwa Gety kumchukua mama mmoja, Immaculée, aliyekuwa katika uchungu wa siku mbili. Wakati wa kurudi injini ikaanza kuruka mipigo, moshi mweupe ukajaa nyuma, na kwenye mlima ikazimika. Michée alisimamisha pikipiki. Immaculée alifika hospitalini akiwa hai, ameshikiliwa katikati ya watu wawili. Binti yake alizaliwa njiani, na hakulia.

Papa Gustave alirudi Alhamisi. Hakuuliza nani aliyeosha. Alifungua buji sita, akazipanga juu ya kitambaa: tano za rangi ya kahawa, moja nyeupe, safi kabisa. Akagusa ile safi. Silinda hiyo ilikuwa inakunywa maji ya radieta, na maji ndiyo yaliyoisugua buji. Kulasi, yaani kichwa cha injini, ilikuwa na ufa. Aliuona ukoko mweupe kabla ya kusafiri, akachora mshale, akaandika gari lisiende mbali mpaka arudi.

Nilikiri palepale, nikilia. Alifuta mikono, kisha akasema: "Mama Solange, ile mavumbi ilikuwa inasema. Siye tukaifunga kinywa."

Alisema siye. Yeye aliyekuwa msibani, na aliyeandika onyo kwa mkono wake. Afadhali angenitukana.

Sherehe ameikataa. Picha hakuna. Jumamosi alikwenda kumwona Immaculée, nami nikamfuata. Immaculée alituuliza swali moja tu: "Sasa wamama wa kwetu watafika na nini?" Papa Gustave hakumdanganya. Kulasi ya aina ile tumeitafuta mpaka Kampala, hatujaipata, na gari lingine la kupanda barabara ile hatuna.

Dorcas amepewa sanduku la chaki. Hatujaosha injini tena, na vumbi limerudi. Kwenye namba mbili limeshaanza kunata karibu na pampu ya maji. Dorcas amechora mshale wake wa kwanza. Namba nne nayo imefunikwa na vumbi, sawasawa pande zote, maana haina tena kinachovuja.

Papa Gustave, asante kwa miaka yote uliyotufanya tufike. Tunakuombea uzee wenye afya pale Bigo, sombe nyingi, na msamaha wa Mama Scholastique kwa kile kitenge. Wangu siuombi leo. Ila ukipita hapa ukasikia injini ikikosa mpigo, tafadhali usipite. Ingia, tutakuwa tumeacha kapo wazi, na vumbi lake lote.