Bi. Arlene na Muhuri Uliotoka Nje

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2019, Bi. Arlene Dombrowski atafunga dirisha la tiketi la nyumba yetu ya makumbusho ya rais, hapa Ohio, kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia miaka thelathini na minne. Katika muda huo ameomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa mgonjwa kweli.

Alianza Mei 1985 akifagia vyumba vya juu, akapanda kuwa mwongoza wageni, na tangu 1993 meza ya mlangoni ni yake. Rais wetu, tuseme ukweli, si yule ambaye watoto humkumbuka kwenye mtihani. Familia nyingi huja Ohio kuwaona marais wengine, wakapitia kwake kwa sababu choo chetu ni kisafi. Bi. Arlene alilijua hilo na hakulionea haya. Watu wakishuka garini wamenuniana baada ya saa tano za barabara, aliwapokea hivi: "Karibuni! Choo kushoto, rais kulia." Walianza kushoto, wakaishia kukaa saa mbili kulia, maana aliwaanzishia na mguu wa kiti uliotafunwa na mbwa wa rais. Hajatokea mtoto aliyepiga miayo mbele ya alama zile za meno.

Lakini utawala wake hasa ulikuwa muhuri. Wasafiri wa nyumba za marais hubeba kitabu kidogo, na kila wafikapo hugongewa jina la mahali na tarehe. Wapo ambao kwao nyumba ni kisingizio tu cha muhuri. Sheria za Bi. Arlene zilikuwa mbili: muhuri hautoki nje ya nyumba, na haugongi tarehe isiyo ya leo. Wakili mmoja wa Cleveland alimsihi nusu saa nzima amrudishie siku moja tu nyuma. "Bwana wangu," alijibiwa, "hata rais mwenyewe akifufuka, leo ni Alhamisi."

Ndiyo maana hatuisahau Jumanne ya tarehe 14 Juni 2016.

Familia ya Thibodeaux, kutoka Louisiana, ilikuwa mlangoni kabla hatujafungua: mzee Alcide, mwanawe, mkwewe Yvette mwenye ratiba ya safari iliyoning'inia shingoni, na wajukuu watatu waliovaa fulana nyekundu, pua zimebandikwa kwenye kioo. Mzee alimsimulia Bi. Arlene kwamba Jumatatu ya tarehe 13 Juni 1966, akiwa kwenye fungate na mkewe Odile, walifika hapa wakakuta pamefungwa. Jumatatu hatufungui, hadi leo. Mlinzi aliwaambia warudi kesho, nao kesho hawakuwa nayo. Kazi ilikuwa inawasubiri nyumbani. Kwa miaka karibu hamsini Odile alimtania mumewe: "Alcide, kesho yetu ya Ohio iko wapi?" Alifariki majira ya baridi. Mzee alikuwa amekuja kuichukua hiyo kesho, na alitaka iandikwe: 14 Juni.

Bi. Arlene akagonga. Mzee, miwani akiwa ameisahau garini, akapuliza wino mpaka ukakauka. Wakaondoka wakipunga mikono.

Saa nne na nusu, msichana wa familia iliyofuata akatazama kitabu chake akasema, "Bibi, hii ni ya jana."

Kila asubuhi Bi. Arlene huzungusha gurudumu la tarehe hatua moja, na kila Jumanne hatua mbili, kwa kuwa Jumatatu hakuna anayeligusa. Kwa miaka ishirini na tatu hakuwahi kukosea. Asubuhi ile, kwa haraka ya kuzifungulia zile pua, alizungusha mara moja tu.

"Nimempa mzee wa watu mlango uliofungwa," alisema.

Tarehe ile ilikuwa na uhai wa siku moja. Ikipita, kwa sheria yake mwenyewe, isingegongwa tena. Akautia muhuri na wino ndani ya mfuko wake wa sandwichi, akaniamuru mimi, mwenzake wa zamu, niwashe pikapu. Meneja akauliza anapeleka wapi mali ya nyumba. "Kurekebisha historia. Utanifukuza nikirudi!"

Ratiba ya Yvette alikuwa ameisoma kichwa chini, ikaganda kichwani. Kwenye kituo cha kwanza cha ratiba ile, kaburi la rais mwingine, tuliambiwa wameondoka dakika ishirini zilizopita, mjukuu mmoja ameacha kofia. Tukachukua kofia. Kwenye kituo cha pili, nyumba alikozaliwa rais mwingine tena, tukaona fulana nyekundu, Bi. Arlene akamnyang'anya baba mmoja kitabu chake, kumbe ni familia nyingine kabisa. Tukaomba radhi huku tunakimbia. Saa kumi jioni, kwenye kibanda cha aiskrimu kando ya barabara kuu, fulana tatu nyekundu zilikuwa zimepangana benchini. Mama huyu wa miaka sitini na miwili aliruka kabla pikapu haijasimama.

Alieleza kosa lake bila kulipamba, akajitolea kuuchana ukurasa ule. Mzee akavaa miwani, akautazama mpaka aiskrimu ya mjukuu ikaanza kutiririka kwenye kiwiko.

"Usiuguse, binti yangu," alisema. "Hiyo ya kumi na tatu ndiyo siku tuliyofika na Odile. Nani mwingine anayo? Kesho yetu igonge hapo pembeni."

Akaigonga juu ya boneti, mihuri miwili bega kwa bega. Wajukuu walishangilia mpaka mwenye kibanda akatoka kuangalia nani kashinda nini. Bi. Arlene alilia, kisha akala aiskrimu mbili. Hakufukuzwa.

Amefundisha waongozaji kumi na mmoja, na wote wanaanza na mbwa. Nyumba nyingine za marais hajawahi kuziona kwa utulivu. Ile moja aliyoifikia siku ya akina Thibodeaux aliipita mbio. Sasa yeye na mumewe Casimir wamepata gari na kitabu kitupu. Sisi wenzake tumeamua kuvunja sheria yake ya kwanza: muhuri wa zamani ataondoka nao. Ya pili tunajua ataitunza mwenyewe.

Asante, Bi. Arlene, kwa kila mgeni aliyekuja kwa choo akaondoka na rais. Tunawaombea ninyi wawili afya, barabara nyoofu na kesho nyingi. Ratiba yenu tumeipitia, tukasahihisha mahali pamoja tu: wewe, kati ya watu wote, uliandika mtaanza Jumatatu.