Mwalimu Coletha na Mizani ya Pamba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mimi ni Zuleha Sabiti, na leo sauti yangu ikipanda mnisamehe. Alhamisi tulimzika Mwalimu Coletha Otmar, wa hapa Kambarage. Mtu aliyetafuta namna ya kuwanywesha watu maji yasiyo na tope, akalipwa uhamisho.

Alizaliwa Ushirombo mwaka 1938. Mdogo wake, Bwana Herman, anakumbuka dada yake akijaza chupa maji ya mtoni na kukaa kuitazama. "Mama alimwita mvivu," anasema. "Kumbe anangoja tope lizame."

Tope la Kishapu halizami, wasikilizaji. Mnalijua. Acha debe siku tatu, maji yanabaki rangi ya chai ya maziwa. Chembe zake ni ndogo mno, tena zinasukumana. Mwalimu Coletha alizisomea chembe hizo chuo kikuu, akarudi na jibu: shabu, ile ile ya kinyozi. Shabu huzishikanisha, zikawa nzito, zikazama. Nusu kizibo cha soda kwa debe moja. Koroga, acha yatulie, chuja, chemsha. Narudia: nusu kizibo, debe moja, kisha chemsha.

Mwaka 1978 kuhara kulipoingia, aliandika hivyo kwenye karatasi ya kugawa vijijini. Bwana mkubwa mmoja wa ofisini, jina silitaji, akafuta kizibo. Eti si cha kisayansi. Akaandika: gramu mbili kwa lita ishirini.

Gramu! Kijijini kwa Mama Mageni Makoye, mfugaji wa huko Kishapu, mizani ilikuwa moja tu, ya ghala la pamba, ya kupimia magunia. Akina mama wakapeleka shabu huko. Karani akaweka kipande, mshale haukutikisika. Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka mshale ukasogea. Basi hiyo ndiyo ikawa gramu mbili: bakuli zima kwa debe moja.

Maji yalitoka meupe pe, na makali ya kufunga mdomo. Watoto wakayatema. Watu wakaona karatasi yote ni uongo, wakarudi kwenye maji ya lambo, bila hata kuyachemsha. Juma lile Mama Mageni alimzika kitinda mimba wake.

Nilimuuliza Alhamisi, msibani kwa Mwalimu, kwa nini hakusema kitu pale ghalani?

"Mayu, mama yangu," akaniambia, "nilijua rundo lile limezidi. Mimi nagawa maziwa ya ng'ombe kumi na wawili kila asubuhi, ndama wapate, watoto wapate, sikosei. Lakini ile ilikuwa namba ya karatasi. Nikakumbuka fimbo ya shule, nikanyamaza."

Na bwana mkubwa? Akaandika ripoti: "Wananchi ni wazito wa kuelewa." Akampelekea Mwalimu Coletha atie sahihi. Mwalimu akakataa. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wanaelewa. Wanaogopa kuchekwa, na sisi ndio tuliowafundisha kuogopa."

Mwezi uliofuata akahamishiwa upande wa Bulyanhulu, shule isiyo na hata meza ya maabara. Utafiti wake mwingine, wa miaka minane, juu ya watu wanaoogopa hesabu, ukafungiwa kabatini. Nasema wazi, nimekasirika. Mtoto amekufa, na mzito wa kuelewa ni mama yake?

Mwalimu hakununa. Kila siku ya gulio alipanda lori kurudi Kishapu na mfuko wa vizibo. Hakuhutubia. Alikosea hesabu makusudi mbele ya akina mama na kuwaambia, "Nichekeni mimi kwanza." Wa kwanza kumsahihisha alikuwa Mama Mageni.

Pole sana, Bwana Herman. Poleni wanafunzi wake, poleni Ushirombo na Kishapu. Nasi tutafakari. Ukipewa karatasi ya dawa usiyoielewa, uliza. Na wewe uliyeiandika, ukiulizwa, jibu bila kucheka.

Alhamisi, kaburini, msoma wasifu alisimama mbele ya mapadri na wakubwa. Akasoma: alizaliwa mwaka 1938, amefariki mwaka huu wa 1987, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Mkono ukanyooka kutoka nyuma. Alikuwa Mama Mageni.

"Umekosea," alisema. "Ni arobaini na tisa."

Hakuna aliyecheka.