Ishaka wa Boflo, Aliyeshuka Baiskeli Njiani

Assalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, jirani wa Shika Adabu, na nyinyi vijana wa Kilabu ya Usukani mliochagua kukaa karibu na mlango. Kwetu sisi maiti husomewa Yasini, hasomewi historia, lakini kilabu imeomba na familia haikuona ubaya, basi maneno haya yametungwa na dada yake marehemu, Bi Mwanatatu Boga, na anayeyasoma ni mpwa wao Khamis, ambaye ameonywa asiruke hata neno moja, liwe tamu liwe chungu.

Ishaka Boga alizaliwa hapa hapa Shika Adabu, mwezi wa Mfungo Sita, mwaka wa 1949, mtoto wa mwisho wa mzee Boga, na mama yao alifariki yeye akiwa hajaota meno, akalelewa na dada yake huyo, ambaye naye alikuwa mtoto tu, akimbeba mgongoni kila aendako hata watu wakasema atamlemaza, na kweli miguu yake ilichelewa kutembea, lakini ilipoanza haikujua tena kukaa.

Alisoma chuoni akahitimu Kurani, akaingia shule ya msingi mwaka wa 1957 na kutoka mwaka wa 1963 na cheti ambacho hesabu zake zilikuwa nzuri, mengine tuyaache yalale. Mwaka wa 1968 aliandikwa kazi katika kiwanda cha mikate pale Likoni, ya kupeleka boflo madukani kwa baiskeli, sanduku la bati juu ya karia, alfajiri na mapema, mvua na jua, na kazi hiyo hakuiacha mpaka maradhi yalipomshusha, ndipo akaitwa Ishaka wa Boflo, na wako watu wazima hapa leo ambao hawakuwahi kujua kwamba babake aliitwa Boga.

Tarehe 14 Mei 1977 alimuoa Bi Mwanasiti, baada ya posa iliyokwenda mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikwenda mwenyewe na mafuta ya cheni mikononi, na mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, fundi tulimwita jana, leo tunangoja mchumba," akafunga mlango. Walijaaliwa mabinti wawili, Mwanasaumu aliyezaliwa ndani ya Ramadhani mwaka wa 1978, na Dhahabu aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1981. Mtoto wa kiume hakujaaliwa, na hilo mlishike, tutalihitaji mbele.

Kilabu ya Usukani ilianzishwa mwaka wa 1979, kapteni wake tangu siku hiyo hadi leo akiwa ni Bwana Stambuli, na Ishaka akajiunga mwaka uliofuata, akawa ndiye wa kuziba tyubu za wote na kunyoosha rimu za wote, na nusu ya watoto wa mtaa huu aliwafundisha yeye kuendesha, akiwashika nyuma ya kiti na kuwaapia, "Sijakuachia, wallahi sijakuachia," na huku yuko nyuma kabisa amesimama anacheka. Uongo wake maisha yake yote ulikuwa huo mmoja.

Sasa tufike kwenye lile ambalo mnalingoja. Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1987, yalikuwa mashindano ya kutoka feri hadi Ukunda na kurudi, na kikombe kilikuwa kimelala Changamwe miaka mitatu, na Bwana Stambuli alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba mwaka ule kitavuka maji kije Likoni, na Ishaka ndiye aliyekuwa mguu wake. Kurudi kutoka Ukunda Ishaka alikuwa mbele peke yake, wa Changamwe hata vumbi lake hawalioni, akafika hapa Shika Adabu, ambapo mtu akibakiwa na hapo tu kufika feri huwa amekwisha kushinda, akakuta jeneza linakata barabara.

Lilikuwa jeneza la bi kizee mmoja asiye na watu wengi, na limebebwa na wanaume wanne tu, mmoja wao mguu mbovu, wa kuwapokea hakuna, kwa sababu wanaume wote wa mtaa walikuwa wamekwenda feri kutazama baiskeli. Kila aliyekulia kwetu anajua kwamba jeneza likipita unasimama, unatia bega hata kwa hatua chache, unampokeza mwingine, na hivyo ndivyo maiti hufika bila ya kuchosha mtu. Ishaka alishuka, akailaza baiskeli majanini, akatia bega palipokuwa na yule wa mguu mbovu, na kwa kuwa hakuwapo wa kumpokea akaendelea mpaka kaburini, na jezi yake na mapaja yake nje, mpaka mzee mmoja akamtupia kikoi akisema, "Jisitiri, bwana, huyu unayemzika ni mwanamke." Huku nyuma wa Changamwe walipita, wakapita na wetu, na Ishaka alipofika feri hata utepe ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Wengine walisema ameuza mashindano, wengine wakasema ni mjinga, na Bwana Stambuli, ambaye hasira zake tunazijua na moyo wake tunaujua, alisimama juu ya ngazi ya feri akamwambia mbele ya umati, "Ishaka, sikiliza, siku yako wewe ikituangukia siku ya mashindano, tutakupita vivi hivi, tunakanyaga, na kengele tutakupigia!" Watu wakacheka, na Ishaka naye akacheka, akamjibu, "Pigeni, kapteni, lakini pigeni polepole, nisije nikashuka."

Tangu hapo hakupangwa tena kukimbia, alibaki wa kuzibia wenzake tyubu, na wala hakununa, na watoto wa mtaa wakapata mchezo wao, wakimwona tu na sanduku la boflo wanapiga kelele, "Jeneza hilo! Jeneza!" naye kila mara alitia mguu chini akageuka kutazama. Dada yake alimwambia, "Wewe hukomi kuchezewa?" akajibu, "Dada, huenda mara moja ikawa kweli."

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1995 figo zilianza kumsumbua, akavimba miguu, ile miguu, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho akaomba arudishwe nyumbani, na jana Jumatatu, tarehe 11 Desemba, baada ya magharibi, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Mwanasiti, umri wake miaka arubaini na sita.

Leo basi ni Jamhuri. Asubuhi Bwana Stambuli alikuja hapa na wenzake wawili, akaamkia vizuri, "Shikamoo, dada," akaitikiwa marahaba, akaomba maiti asubiri mpaka baada ya magharibi, mashindano yawe yamekwisha, ili kilabu yote ipate kuzika. Akajibiwa kwamba kilichomngojesha maiti hadi sasa ni Mwanasaumu aliyekuwa Kwale, naye amefika, na kwamba ni suna kumharakisha maiti na hakuna popote palipoandikwa angojee baiskeli, kwa hiyo jeneza litatoka baada ya sala ya alasiri, na litakata barabara pale pale lilipokata lile la bi kizee. Bwana Stambuli aliinamisha kichwa akaondoka bila ya kusema atakuwa upande gani, na sasa yuko hapa, na jezi za rangi ya chungwa tunaziona chini ya kanzu zenu, hatujapofuka, na baiskeli mmeziegemeza kwenye ukuta wa jirani zikitazama feri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila ya kuchoka, jirani waliomwosha na waliochimba kaburi, na wenzake wa kiwandani walioleta boflo za matanga kabla hawajaombwa.

Ishaka hana mtoto wa kiume, na sisi wanawake tunaishia kizingitini. Jeneza lina pembe nne, Khamis ana moja, mzee wa kikoi, ambaye bado yu hai, ameomba moja ingawa hataifikisha mbali, shemeji yake ana moja, na ya nne, ya mbele kushoto, dada yake amekataa kumpa mtu. Bwana Stambuli, filimbi ya kuanza mashindano kule feri haijalia, anayetaka kwenda bado ana wasaa, na hapa hatalaaniwa mtu, kwa sababu marehemu alikwisha kuwapa ruhusa kwa kinywa chake. Khamis akikunja karatasi hii tutasikia moja kati ya mawili, kengele za baiskeli au kalima ya waliotia bega.

Nawe Ishaka, pumzika kwa amani, na ukizisikia hizo kengele usishuke, leo ni zamu yako kubebwa.