Makaa ya Kibuyu

Tulikuwa tumeshapita Litein kitambo mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi la Bomet alipotoa waya wa kompyuta kikapuni. Alikuwa amezunguka Kericho kutafuta mwingine kama huo, akakosa. Jirani yake wa kiti, fundi wa kompyuta aliyejitambulisha kama Onyancha, aliutazama akashtuka. "Mama, hii nyeusi kwa pini ni nini?"

"Makaa ya kibuyu. Kupeleka alama za wanafunzi kwa kompyuta ya pili ilikuwa inachukua asubuhi yote. Nikajua imeziba, nikasugua na makaa vile nasafisha kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya mgando." Alisema kwa fahari, kama mtu ambaye mgeni hajawahi kukataa maziwa yake.

"Haikuwa imeziba! Waya hii ya serial ni ya polepole tu, inapitisha biti moja moja. Ile waya nene ya printa ndiyo inapitisha nane pamoja. Na makaa inapitisha stima, mama! Umeunganisha pini zote!"

"Usinifokee. Kibuyu yangu haijawahi kuharibu maziwa."

"Kibuyu haitumii stima!"

Mimi nilitazama mashamba ya chai nje, masikio yakiwa ndani.

"Hata saa hii," fundi akaendelea, "nimeitwa shule fulani hapo Silibwet, kompyuta mbili zimekataa kuongea. Mwalimu mkuu anataka niandike ni nani aliharibu, afutwe kazi leo leo."

Mama alirudisha waya kikapuni, akaufunika kwa leso polepole. "Na utaandika? Hata kama alikuwa anasafisha tu?"

Onyancha alimgeukia. "Kwani wewe unashukia wapi?"

Basi likasimama. Kondakta akagonga mlango. "Silibwet ni wawili! Mshuke haraka!"